Vijana wa Mwaka 2020: Muda Uliosimama na Utambulisho Unaoendelea Kujengwa

Na Afisa Habari, Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Miongoni mwa huduma zinazoombwa mara kwa mara katika ofisi za Watendaji wa Kata ni barua ya utambulisho. Kijana anayetaka kufungua akaunti ya benki, kuomba kazi au kushughulikia kitambulisho cha Taifa hufika akiwa na picha ndogo mkononi, naye Mtendaji humuuliza maswali machache: jina lako nani, unaishi kitongoji au mtaa gani, tangu lini, na shughuli yako ni ipi. Maswali ya mwanzo hujibiwa upesi. Swali la mwisho ndilo huwafanya vijana wengi wainamishe macho. Baadhi husema, "Naandika tu mkulima." Wengine hujibu kwa maneno ambayo kila mzazi katika wilaya yetu ameyasikia: "Nipo nipo tu."

Makala haya yanahusu jibu hilo. Kijana aliyekuwa na miaka 17 wakati ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia nchini mwaka 2020 sasa ni mtu mzima. Amevuka umri wa kupiga kura, na huenda ana mtoto. Hata hivyo, wapo wanaohisi kwamba sehemu ya maisha yao ilibaki nyuma katika mwaka ule, na kwamba wamechelewa kiasi cha kutoweza kufika tena. Halmashauri imeona ni vyema kueleza hisia hiyo inatoka wapi, kwa nini haipaswi kuchukuliwa kuwa uvivu au deko, na huduma zipi zipo kwa ajili ya wanaotaka kuendelea na safari.

Kalenda iliposimama

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia. Siku tano baadaye, tarehe 16 Machi, Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania. Tarehe 17 Machi shule zikafungwa, na vyuo vikafuata. Ligi Kuu ya soka ilisimamishwa. Mbio za Mwenge wa Uhuru nazo zilisitishwa mwaka huo. Sisi tunaofanya kazi katika halmashauri tunafahamu uzito wa jambo hilo, kwa kuwa ujio wa Mwenge ni mojawapo ya alama ambazo wananchi huzitumia kuuhesabu mwaka: mradi fulani ulizinduliwa Mwenge ulipopita, zahanati fulani iliwekewa jiwe la msingi Mwenge ulipokesha kwetu. Mwaka 2020 alama hiyo haikuwapo.

Vyuo vikuu na wanafunzi wa kidato cha sita walirejea tarehe 1 Juni 2020. Madarasa mengine yalifunguliwa tarehe 29 Juni, siku ambayo pia mtihani wa kidato cha sita, ambao kwa kawaida hufanyika mwezi Mei, ulianza. Nchi yetu haikuwafungia wananchi majumbani. Mashamba yalilimwa, magulio yaliendelea na mama lishe walipika.

Majirani zetu walikaa muda mrefu zaidi. Nchini Kenya wanafunzi wengi walioondoka shuleni Machi 2020 walirejea Januari 2021. Nchini Uganda shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili. Kwa kulinganisha, kipindi chetu cha miezi mitatu na siku kadhaa kinaonekana kifupi, na ni haki msomaji kuuliza kwa nini tukizungumzie hadi leo. Sababu ni kwamba muda anaouishi kijana haupimwi kwa kalenda peke yake. Aidha, madhara ya janga hayakuisha siku milango ya shule ilipofunguliwa. Biashara zilikuwa zimeyumba, watalii walikuwa wamepungua, ndugu waliokuwa wakituma fedha kutoka mijini walikuwa wamerudi nyumbani, na familia nyingi zilikuwa zimezika.

Kwa nini siku zilikuwa ndefu na mwaka ukawa mfupi

Watu wengi wanapokikumbuka kipindi kile husema mambo mawili yanayoonekana kupingana: kwamba siku zilikuwa haziishi, na kwamba mwaka mzima ulipita bila kuonekana. Kauli zote mbili ni za kweli, na wataalamu wa saikolojia wamezichunguza. Mwezi Aprili 2020, Ruth Ogden wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores nchini Uingereza aliwauliza watu 604 jinsi walivyouona mwendo wa muda wakati wa karantini. Zaidi ya asilimia 80 walisema muda haukwenda kama kawaida. Kwa baadhi ulikimbia, kwa wengine ulijikokota. Ulijikokota zaidi kwa wazee, kwa wenye msongo wa mawazo, kwa waliokosa kazi za kufanya na kwa wale ambao hawakuridhika na namna walivyokuwa wakikutana na wenzao.

Ufafanuzi wake si mgumu. Mtu anayesubiri kitu asichojua kitafika lini huutazama muda wenyewe badala ya kutazama kazi iliyo mbele yake, na kila saa humwelemea. Yeyote aliyewahi kusubiri basi kituoni bila kuambiwa litatoka saa ngapi analifahamu jambo hili. Lakini tunapougeukia muda uliokwisha kupita, hatuhesabu saa. Tunahesabu matukio. Wazee wetu hawasemi "mwaka 1997", husema "mwaka wa mvua za El Nino". Kipindi chenye matukio mengi yanayokumbukwa huonekana kirefu, na kipindi ambacho kila siku ilifanana na ya jana hujikunja na kuwa kama wiki moja. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa nyumbani miezi mitatu iliyo mirefu kama miaka, kisha baadaye asiweze kueleza miezi hiyo ilikwenda wapi.

Kwa kijana jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa mtu wa miaka 50. Wachunguzi wa kumbukumbu wameona kwamba watu wazima wanapoombwa kusimulia maisha yao, sehemu kubwa ya kumbukumbu zao hutoka katika umri wa takribani miaka 10 hadi 30. Huo ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza: safari ya kwanza ya kwenda bweni, mshahara wa kwanza, chumba cha kwanza cha kupanga, uchumba wa kwanza. Mtu wa miaka 50 aliyepoteza mwaka mmoja ana alama nyingine nyingi za kushikilia. Kijana wa miaka 18 aliyepoteza mwaka huohuo amepoteza alama ambazo ndiyo kwanza alikuwa akizisimika.

Utambulisho hujengwaje

Mwanasaikolojia Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 na kuhamia Marekani, alifundisha kwamba kila umri una kazi yake, na kwamba kazi kubwa ya ujana ni kupata jibu la swali "mimi ni nani?" Kwa maelezo yake, utambulisho ni kujiona kuwa mtu yuleyule jana, leo na kesho, na kuona kwamba watu wanaokuzunguka nao wanakutambua hivyo. Nguzo hizo mbili, mwendelezo wa muda na kutambuliwa na wengine, ndizo zilizotikiswa mwaka 2020. Erikson pia alieleza kwamba kijana ambaye utambulisho wake umevurugika mara nyingi huvurugikiwa na muda vilevile. Huweza kuona kwamba ameshachelewa kabisa, au akaishi kama mtu asiyetarajia kesho kumletea lolote.

Jambo hili si geni kwetu. Jamii nyingi za Tanzania ziliufunga utambulisho pamoja na muda. Jando na unyago vilikuwa na msimu wake, na aliyevipitia alitoka na wenzake wa rika moja huku jamii nzima ikishuhudia. Wamasai hulipa kila rika jina, na jina hilo huwafuata wanarika maisha yao yote. Mahafali ya shule, barua ya kujiunga na chuo na mafunzo ya JKT hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa vijana wa leo. Humwambia kijana: ulikuwa pale, sasa umefika hapa, nasi tumekuona.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia, akiyaendeleza mawazo ya Erikson, alibainisha hali nne ambazo kijana anaweza kuwamo. Mzazi anayezifahamu atamwelewa mwanawe vizuri zaidi.

Hali ya kwanza ni ya kijana aliyekwisha kutafuta, akalinganisha, akachagua. Amejaribu kilimo cha mboga na amejaribu ufundi simu, na sasa anajua kwamba ufundi ndio wake. Hali ya pili ni ya kijana ambaye bado anatafuta. Leo anasoma, kesho anauza matunda, keshokutwa anaulizia udereva. Mzazi humwona kigeugeu, lakini anafanya kazi halali ya umri wake. Hali ya tatu ni ya kijana aliyefungiwa njia mapema. Amechukua maisha aliyochaguliwa bila kupata nafasi ya kujiuliza, kama vile binti aliyeozwa akiwa kidato cha tatu. Hali ya nne ni ya kijana ambaye hajachagua na wala hatafuti. Huyu ndiye mwenye "nipo nipo tu".

Hali hizi si hukumu ya kudumu. Mtu huweza kutoka moja akaingia nyingine, hata akiwa na miaka 30. Lakini kutafuta kunahitaji mahali pa kujaribia, watu wa kuwatazama na uhakika kwamba kesho itafika. Janga liliviondoa vyote vitatu kwa wakati mmoja, na likawasukuma vijana wengi kutoka hali ya pili kwenda ya tatu au ya nne.

Njia zilizokatika

Tuchukue mfano wa binti aliyekuwa kidato cha tatu mwezi Machi 2020. Alirudi nyumbani akidhani ni likizo fupi. Baba aliyekuwa mpagazi wa watalii alikosa kazi, mama akaongeza biashara ya vitumbua, na binti akabeba kazi za ndani na ulezi wa wadogo zake. Vipindi vya masomo vilikuwapo redioni na kwenye televisheni, lakini saa ya kipindi ilikuwa pia saa ya kuchota maji. Shule ilipofunguliwa, alikuwa mjamzito. Wenzake walimaliza kidato cha nne mwaka 2021. Yeye hakurudi, na kila mwaka uliofuata ulimfanya aone aibu zaidi kuuliza kama inawezekana.

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini njia aliyoipita inafahamika. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2022 ulilinganisha wasichana wa sekondari waliokumbwa na kufungwa kwa shule na wale waliomaliza kabla ya janga. Waliokumbwa na janga walikuwa katika hatari mara mbili zaidi ya kupata ujauzito kabla ya kumaliza shule, na mara tatu zaidi ya kuacha masomo.

Wavulana nao walipata mkwamo wao. Wapo walioingia katika bodaboda, uvuvi, uchimbaji mdogo au vibarua "kwa muda tu," na muda huo ukageuka miaka. Kazi hizi ni za heshima na zinalisha familia nyingi. Tatizo huanza pale kijana anapojiona ameangukia huko, akaacha kuihesabu miaka yake.

Afya ya akili nayo iliguswa. Mwezi Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, matatizo ya wasiwasi na sonona yaliongezeka duniani kwa asilimia 25, na kwamba vijana na wanawake ndio walioathirika zaidi. Mtu mwenye sonona huweza kulala kutwa, kukwepa wenzake, kukasirika haraka na kutoona maana ya kupanga lolote. Nyumbani dalili hizo huitwa uvivu. Ni wajibu wetu kuzitambua kwa jina lake.

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kudai kwamba kila kijana aliumia, au kwamba kila kikwazo cha leo kilitokana na UVIKO-19. Ukosefu wa ajira ulikuwapo kabla ya mwaka 2020. Wapo pia vijana waliojifunza kushona kwa kuanza na barakoa, waliojifunza kutengeneza sabuni, au waliorudi kijijini wakagundua kwamba shamba la babu lina thamani. Hao nao waliubeba mwaka ule, na kwao umekuwa alama ya mwanzo.

Maneno tunayowaambia

Mara nyingi kijana aliyekwama huulizwa: "Wenzako wako wapi, na wewe uko wapi?" Mzazi husema hivyo kwa uchungu na kwa nia njema, lakini swali hilo humrudisha kijana palepale panapomuuma, yaani kwenye muda aliokwisha kuupoteza. Wataalamu wa ushauri hupendelea maswali yanayompeleka mbele kwa hatua ndogo. Mwezi huu unataka kujaribu nini? Ni nani anayeijua kazi hiyo tukamuone? Mpaka mavuno tuwe tumefika wapi? Hatua yenye tarehe humrudishia kijana kalenda yake.

Ni vizuri pia kusimulia. Familia nyingi hazijawahi kukaa na kuuzungumzia mwaka 2020: nani alifariki, nani alirudi, nani aliacha nini. Kwa kijana, kuisikia habari hiyo ikisimuliwa na watu wazima humsaidia kuona kwamba pengo lake ni sehemu ya historia iliyowapata wengi, wala si kasoro yake binafsi. Na pale anapofikia hatua, hata ikiwa ndogo, ishuhudiwe. Cheti cha ufundi cha miezi mitatu kinastahili chakula cha pamoja kama mahafali yoyote.

Sisi watumishi wa umma nasi tunalo la kujirekebisha. Kijana wa miaka 22 anayekuja kuulizia kurudi shule hapaswi kupokewa kwa kuulizwa, "Ulikuwa wapi miaka yote hii?" Kuna anayesikia swali hilo mara moja tu, akaondoka na asirudi tena.

Huduma zilizopo

Kwa waliokatisha masomo. Mwezi Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwamo ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukaweka kipindi cha miaka miwili tangu mwanafunzi alipoacha. Wale ambao kipindi hicho kimewapita hawajafungiwa mlango. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inatoa elimu ya sekondari kwa njia mbadala, na mtu yeyote anaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Asiye na sifa ya kidato cha pili huanza na Mtihani wa Maarifa. Afisa Elimu Kata atakueleza kituo kilicho karibu nawe na tarehe za kujisajili.

Kwa wanaotafuta stadi. Vyuo vya VETA na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi hutoa kozi ndefu na fupi. Katika baadhi ya kozi fupi, kijana huhitaji kujua kusoma na kuandika tu.

Kwa wanaotafuta mtaji. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake uboreshwe, na ikarejeshwa mwaka 2024. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata husaidia kuunda na kusajili kikundi, na huduma yake hailipiwi. Atakayekudai fedha ili akuunganishe na mkopo, toa taarifa.

Kwa wenye msongo, sonona au hofu isiyoisha. Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako utapewa rufaa ya kwenda hospitali ikihitajika. Afisa Ustawi wa Jamii hutoa ushauri kwa mtu binafsi na kwa familia, na mazungumzo yake ni ya siri. Kwa watoto walio chini ya miaka 18 wanaofanyiwa ukatili au wanaolazimishwa kuolewa, piga simu namba 116 bila malipo, au fika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Swali la nne

Wahenga walisema kawia ufike. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 haikuwa tena dharura ya afya ya kimataifa. Kwa dunia, mlango ulifungwa siku hiyo. Kwa kijana ambaye bado anahisi yuko katika ile likizo fupi ya Machi 2020, mlango utafungwa siku atakapoanza jambo jipya lenye tarehe, na mtu mwingine akamwona akilianza.

Hivyo basi, kijana unayesoma toleo hili, utakapofika kwa Mtendaji wa Kata kuomba barua ya utambulisho, usiogope swali la nne. Kama bado unatafuta, sema unatafuta, na useme unatafuta nini. Kutafuta ni shughuli. Mtendaji atakuandikia barua yako, kisha atakuelekeza kwa afisa anayehusika, ambaye mara nyingi yuko katika jengo hilohilo.